Inaanzia mlangoni au getini? Bastola yenye kibali na maeneo ya serikali Marekani

Ijumaa moja asubuhi jirani yangu, mwenzetu kutoka Bukavu ninayeishi naye mtaa mmoja hapa Texas, alinipigia simu akiwa ndani ya gari. "Kaka, nimefika posta kuchukua kifurushi. Ile bastola iko kwenye droo ya dashibodi. Nishuke niiache humu, si ndiyo?" Nikamwambia awashe gari, atoke kwenye maegesho yale kwanza, ndipo tuongee. Akashangaa. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo alikuwa amekwenda mahakamani kwenye kaunti kulipa faini ya barabarani, akaegesha mbele ya jengo, bastola ikabaki garini, na hakuvunja sheria yoyote. Mahakamani iwe sawa, posta iwe kosa?

Ndivyo ilivyo. Wengi wetu tukisikia "mali ya serikali" tunaona kitu kimoja chenye kanuni moja. Kumbe kuna serikali ya shirikisho, kuna ya jimbo, kuna ya kaunti na ya mji, na hata ndani ya shirikisho kila idara ina kanuni yake ya uwanja wake. Kibali ulichopewa na jimbo hakiamrishi chochote kwenye jengo la shirikisho. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kama silaha unaibeba, unaifungia garini au unaiacha nyumbani, jizoeze kuuliza jambo moja: hapa niendapo, marufuku inaanzia mlangoni au getini? Ikianzia mlangoni, gari lako haliko matatani. Ikianzia getini, umeshakosa kabla hujazima injini.

Posta na ofisi nyingine za shirikisho

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ofisi za Social Security (mfuko wa serikali wa mafao ya wazee na walemavu), za kodi na za uhamiaji zinaongozwa na kifungu cha 930 cha sheria ya jinai ya shirikisho, kilichopitishwa mwaka 1988. Kifungu hicho kinazungumzia jengo, au sehemu ya jengo, ambalo serikali ya shirikisho inalimiliki au imelipanga, na ambamo watumishi wake hufanya kazi kwa kawaida. Neno la kushika hapo ni jengo. Ofisi ya Social Security mara nyingi imepanga kwenye safu ya maduka, ukuta kwa ukuta na saluni na duka la simu. Marufuku iko upande wake wa ukuta. Maegesho ni ya mwenye maduka, na huko unafuata sheria ya jimbo lako. Hii ni marufuku ya mlangoni.

Kifungu hicho hicho kinataka tangazo libandikwe waziwazi kwenye kila mlango wa umma. Pasipo tangazo hutiwi hatiani kwa kubeba tu, isipokuwa ithibitike kwamba ulikuwa unajua, na wewe unayesoma hapa umeshajua. Adhabu ni faini au kifungo kisichozidi mwaka 1. Kwenye jengo la mahakama ya shirikisho inafika miaka 2, na mtu akionekana aliingia na silaha kwa nia ya kutenda uhalifu, miaka 5. Kisu cha mfukoni chenye makali yasiyofika inchi 2.5, yaani kama sentimita 6, hakihesabiwi kuwa silaha ya hatari chini ya kifungu hiki, ingawa mlinzi wa mlangoni anaweza bado kukurudisha nacho.

Kuna kipengele ndani yake kinachosamehe kubeba "kihalali" kwa uwindaji au shughuli nyingine halali. Nimewasikia watu wakikishika kama ngao: nina kibali, kwa hiyo nimebeba kihalali, kwa hiyo naruhusiwa. Usijitume kwenda kukijaribu. Kama kila mwenye kibali angesamehewa hivyo, marufuku yenyewe isingebaki na kazi.

Posta ina kifungu hicho ndani ya jengo, halafu ina kanuni yake juu yake. Kanuni ya posta inasema hakuna mtu aliye kwenye eneo la posta anayeruhusiwa kubeba silaha, iwe wazi au imefichwa, wala kuihifadhi kwenye eneo hilo, isipokuwa kwa kazi rasmi. Soma tena: kubeba wala kuihifadhi. Eneo maana yake ni jengo pamoja na ardhi iliyo chini ya mamlaka ya posta, maegesho yakiwemo. Bastola iliyofungiwa kwenye buti imehifadhiwa kwenye eneo la posta. Adhabu ya kanuni hii ni ndogo kuliko ya kifungu cha 930, faini au kifungo kisichozidi siku 30, lakini mipaka yake ni mipana zaidi. Hii ni marufuku ya getini. Na "kazi rasmi" haikuhusu wewe mlinzi wa kampuni binafsi uliyepita kununua stempu ukitoka zamu, hata kama umevaa sare na beji.

Watu wameipeleka mahakamani. Mfanyakazi mmoja wa posta huko Louisiana alikutwa na bastola ndani ya gari lake kwenye uwanja wa posta. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, ambayo Texas pia iko chini yake, ilibakiza hatia yake, ikaeleza kwamba angeweza kutafuta maegesho mahali pengine. Huko Avon, Colorado, mtu anayeishi nje ya mji ambako posta haileti barua nyumbani alishitaki, kwa kuwa kila akifuata barua zake ilimlazimu asafiri bila silaha njia nzima. Jaji wa kwanza mwaka 2013 alimpa haki kuhusu maegesho, akamnyima kuhusu jengo. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi ikamnyima vyote viwili.

Tangu hapo upepo umebadilika. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua mwaka 2022, katika kesi ya New York, kwamba raia ana haki ya kubeba silaha hadharani kwa kujilinda, jaji wa shirikisho huko Tampa, Januari 2024, alifuta shitaka la kifungu cha 930 dhidi ya dereva wa lori la posta aliyekuwa na bastola kazini. Mwaka 2025 jaji mwingine wa shirikisho, wa hapa Texas, akasema marufuku hiyo kwenye posta za kawaida inakiuka Katiba. Maamuzi hayo yana uzito, na mtu anayejali haki hii ana sababu ya kuyafurahia. Lakini la Tampa lilimhusu mshitakiwa mmoja, na la Texas liliandikwa kwa ajili ya walioshitaki na vyama vyao, si kwa kila anayeingia posta na kifurushi. Ukiniuliza mimi, kesi za kubadilisha sheria waachie waliojiandaa kuzibeba, wenye mawakili na fedha.

Tena kuiepuka posta ni rahisi kuliko kuepuka ofisi yoyote nyingine ya shirikisho. Stempu zinauzwa kwenye supamaketi. Kifurushi unaweza kukituma kupitia duka binafsi la usafirishaji. Na ile hukumu ya Louisiana yenyewe imekuonyesha njia ya tatu: egesha nje ya eneo la posta, mahali ambapo sheria ya jimbo inakuruhusu kuacha silaha garini, kisha utembee.

Hospitali za VA, zile za wanajeshi wastaafu, ziweke kundi moja na posta. Kanuni yao inahusu eneo lote, silaha iwe na risasi au haina. Kambi za jeshi ni hivyo hivyo, tena zaidi, huko geti ni geti kweli.

Mahakama ya kaunti, bunge la jimbo, shule

Turudi kwa yule jirani na faini yake. Sheria ya Texas inakataza silaha mahakamani, na ukiingia nayo ni kosa kubwa la jinai. Lakini katika sheria hiyo neno linalotaja mahali lina maana ya jengo au sehemu ya jengo tu, na inasema waziwazi kwamba barabara ya kuingilia, njia ya miguu na maegesho havimo. Basi unaweza kuwa na mahakama ya kaunti na posta vinavyotazamana barabarani, upande huu gari lako liko salama na upande ule limekutia hatiani. Illinois, ambayo kwa mengine ni kali kuliko Texas, nayo inamruhusu mwenye kibali kufungia silaha garini kwenye maegesho ya sehemu nyingi ambazo ndani haruhusiwi kuingia nayo.

Mabunge ya majimbo hayafanani kabisa. Kwenye jengo la bunge la Texas, Austin, mwenye leseni anaingia na bastola yake. Michigan ilikuwa inaruhusu silaha za wazi mpaka watu wenye bunduki walipoingia bungeni Lansing tarehe 30 Aprili 2020. Januari 2021 tume inayosimamia jengo ikakataza silaha za wazi, na mwaka 2023 ikakataza na zilizofichwa. Washington, kwenye Bunge la Marekani, marufuku imetoka nje ya jengo mpaka viwanja vyake vyote. Ukiwapeleka wageni kupiga picha kwenye zile nyasi, silaha iwe imebaki mbali.

Shule ina hesabu yake, na hii nawaomba wazazi waisome pole pole. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990, iliyofutwa na Mahakama Kuu mwaka 1995 kisha ikatungwa upya mwaka 1996, inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka uwanja wa shule, kama mita 300. Mtaani hiyo ni barabara nzima unayopita kila siku. Kuna wanaosamehewa, na mmoja wao ni mtu aliyepewa leseni na jimbo ambalo shule iko. Sasa tazama mtego. Tangu Septemba 2021 Texas haimlazimishi mtu mzima wa miaka 21 kuwa na leseni ili abebe bastola. Wengi wetu tukasema, basi leseni ya nini, kwa nini nilipe na kukaa darasani? Lakini asiye na leseni hana ule msamaha wa shirikisho anapopita karibu na shule, labda silaha iwe haina risasi na imefungwa kwenye sanduku la kufuli. Kati ya kubeba bila leseni kwa kuwa jimbo limeruhusu, na kubeba ukiwa na leseni, mimi nachagua leseni bila kusita. Na leseni ya jimbo la jirani haikupi msamaha huo hapa, hata kama polisi wa hapa wanaitambua kwa mambo mengine.

Hifadhi, misitu na maziwa

Huku mambo ni mapana na hewa ni nzuri, ila bado ardhi ina wenyewe watatu au wanne, na macho hayawezi kuwatofautisha.

Hifadhi za taifa zilikuwa ngumu zamani. Kuanzia miaka ya 1980 silaha ilitakiwa itolewe risasi na ihifadhiwe mbali na mkono. Mwaka 2009 Seneta Tom Coburn wa Oklahoma aliingiza kipengele ndani ya sheria ya kadi za mkopo, Rais Obama akaisaini Mei mwaka huo, na tangu tarehe 22 Februari 2010 mgeni wa hifadhi anafuata sheria ya jimbo ambalo hifadhi iko. Neno jimbo lina kazi hapo. Great Smoky Mountains imelala juu ya Tennessee na North Carolina, Yellowstone imegusa Wyoming, Montana na Idaho. Unavuka mpaka bila kuuona, na sheria inabadilika chini ya miguu yako. Majengo hayakubadilika: kituo cha wageni na ofisi ya askari wa hifadhi vinabaki chini ya kifungu cha 930, tangazo liko mlangoni. Na ruhusa ya kuwa na silaha haikuwa ruhusa ya kuipiga.

Misitu ya taifa ni migeni kwetu lakini ndiyo yenye uhuru mkubwa zaidi. Kwa kubeba, unafuata jimbo. Kwa kupiga risasi, usiwe ndani ya yadi 150 kutoka nyumba, jengo, kambi au mahali penye watu, wala usipige kukatiza barabara.

Maziwa ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa sababu ndiko tunakokwenda na watoto na nyama choma. Lewisville, Grapevine na Lavon, karibu na Dallas, yako chini ya kikosi cha wahandisi wa jeshi, Army Corps of Engineers. Lanier na Allatoona kule Georgia pia. Mtu anaona meza za mbao, majiko ya mkaa na ufukwe, anadhani ni bustani ya mji. Kanuni ya kikosi hicho imekuwa kwamba silaha yenye risasi, hata risasi zenyewe, haviruhusiwi, isipokuwa kwa uwindaji mahali palipotengwa, viwanja vya shabaha, au idhini ya maandishi kutoka kwa kamanda wa wilaya. Mwaka 2014 jaji wa shirikisho huko Idaho aliizuia kwa jimbo lake. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ya Atlanta ikakataa kuisimamisha kwa ajili ya Allatoona. Kwa hiyo ukilinganisha siku mbili za mapumziko, moja kwenye hifadhi ya taifa na nyingine kwenye ziwa la wahandisi wa jeshi, zote mbili mali ya shirikisho, zote mbili zina miti na maji, ya kwanza inakuachia bastola kiunoni na ya pili inaikataza. Kabla ya kupakia jiko, tazama bango la kuingilia limeandikwa jina la nani.

Kubeba, garini, au nyumbani?

Ukishajua mlango na geti, uchaguzi wa kisheria unakuwa mwepesi. Marufuku ya mlangoni inakuachia gari. Ya getini inakuachia nyumba, au maegesho ya nje. Lakini sheria siyo yote. Magari yamekuwa chanzo kikubwa cha silaha zinazoibwa Marekani, na mwizi anayekaa karibu na ofisi ya serikali anajua kabisa kwamba wengi hapo wameacha kitu ndani. Kama huna kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya mnene kwenye fremu ya kiti, droo ya dashibodi ni kumwekea mwizi. Afadhali nyumbani, ndani ya sefu. Siku yenye shughuli tatu, mbili za kawaida na moja ya posta au VA, usijaribu kuigawanya. Iache tangu asubuhi.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Kila nililolisema mpaka hapa linamhusu raia na asiye raia, lakini matokeo hayafanani hata kidogo. Raia akikosea posta anakabiliwa na faini, pengine siku kadhaa ndani, kisha anarudi kwake. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi nchini kwa kudumu, akitiwa hatiani kwa kosa la kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria yoyote, sheria ya uhamiaji inalihesabu kuwa sababu ya kumwondoa nchini, na haitaji kwanza liwe kosa kubwa. Mwaka wa jela haujatajwa. Mtu kuumizwa hakujatajwa. Miaka kumi ya kodi, nyumba ya mkopo, watoto waliozaliwa hapa, vyote vinaweza kuwekwa mezani kwa sababu ya bastola iliyosahaulika chini ya kiti.

Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi aliyepokelewa na aliyepewa hifadhi wanaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha. Aliyeko kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi kuishika kabisa, isipokuwa wachache kama wenye leseni halali ya uwindaji, na asiye na hati haruhusiwi. Mwanafunzi anayeazimwa bunduki na mwenzake wakapige shabaha Jumamosi anatakiwa alijue hilo kabla ya Jumamosi.

Ndiyo maana ushauri wangu unagawanyika. Raia, chagua kwa kufuata mlango na geti, ukiweka sefu ya gari kama unaamua gari. Usiye raia bado, siku yoyote inayokupeleka kwenye ofisi, posta, hospitali au ziwa la shirikisho, iache nyumbani, hata pale ambapo sheria ingekuruhusu kuifungia kwenye buti. Sisemi hivi kwa kuwa haki yako ni ndogo. Nasema kwa sababu ukipoteza wewe unapoteza zaidi. Na kama umeshakamatwa, usikubali kukiri kosa "dogo" ili yaishe kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Wakili wa jinai peke yake anaweza kukupatia makubaliano mazuri ya faini yatakayokufungia uraia.

Jirani yangu alirudi nyumbani ile Ijumaa, akaiacha bastola, akaenda tena posta, akakuta foleni imefika nje. Kifurushi alichokuwa anakifuata kilikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vimetoka Bukavu kwa miezi miwili, kwa ajili ya maombi yake ya uraia. Usaili wake ni mwezi ujao, kwenye jengo lenye mashine ya ukaguzi mlangoni. Tumeshakubaliana: siku hiyo namwendesha mimi, kwa gari langu.